Walimu wapya wa karakana za magereza, njooni hapa

Wiki hii nimemkuta mwalimu kijana anafunga karakana, hesabu ya vifaa haijakamilika, anawaambia wanafunzi "tutahesabu kesho". Kesho ipi, mdogo wangu? Nyie mnaoanza kufundisha useremala gerezani hapa Dodoma, haya ndiyo yangu.

1. Kifaa hakitoki bila kuandikwa. Hata ukikitoa wewe. Mimi niliona patasi imekufa makali, nikaitia mfukoni niipitishe kwa mnoaji Majengo, kitabu sikukigusa. Jioni patasi moja haionekani. Nilishafika mjini, simu imezima chaji. Kule ndani wanafunzi wangu wakavuliwa, magodoro yakakung'utwa, jiko likasimama, ugali ukaliwa umepoa. Asubuhi naingia getini nimeishika mkononi, inang'aa, nimejawa na furaha ya kipumbavu. Afande wa zamu alinitazama tu. Karakana ikafungwa kwa muda mrefu. Nilipokwenda kuwaomba radhi, nilitegemea matusi. Mmoja akasema, "Mwalimu, ya kupekuliwa tumezoea. Ila mimi natoka mwezi ujao, na mlango nilikuwa sijafika." Alitoka anajua fremu tu. Hilo sijalimaliza kulimeza.

2. Kwa hiyo uliza tarehe ya kutoka, usiulize miaka ya hukumu. Theluthi inakatwa kwa tabia njema, halafu kuna misamaha ya Rais, Aprili 26 na Desemba 9. Unaweza kumwacha Ijumaa anachonga ulimi wa fremu, Jumatatu yuko kwao Kondoa. Mtaala wako mzuri wa mwaka mzima utamfundisha nani? Kila hatua iishie kwenye kitu kinachouzika: stuli, kisha fremu, kisha mlango. Nadharia iingie huku mikono inafanya kazi.

3. Paini ya Mufindi ikija mbichi, ipange kwa vijiti kivulini, isubiri. Kiangazi cha Dodoma kinakausha mbao ikiwa tayari ukutani, inasinyaa, na mteja ataona jua kupitia mlango wako.

4. Mtu aliyeingia na ufundi wake wa mtaani usimrudishe kushika randa kama mtoto. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana urasimishaji ujuzi: anapimwa, anapewa cheti. Anza kufuatilia mapema, karatasi zina mwendo wake.

5. Mwanafunzi akikuomba sigara, barua, "mpigie mama yangu tu": hapana. Mpeleke kwa ofisa ustawi. Kesi yake usiulize, akitaka atakuambia, na usipomuuliza atakuambia mapema zaidi.

6. Ukikutana naye mtaani akishatoka, subiri akusalimie yeye. Wengine nyumbani hawajui alikokuwa. Kuna mmoja alinivuta kwake Chang'ombe, akanitambulisha kwa mkewe kama bosi wake wa Iringa. Ningefanyaje? Nilikula wali, nikasifia baridi ya Iringa, na shemeji alipouliza mbona mshahara ulikuwa hauji, nikaomba maji ya kunywa.