Usisugue hizo sarafu za fedha, mdogo wangu

Acha! Hiyo dawa ya meno irudishe ulikoitoa. Umeuliza mambo matatu: ununue kofre, yaani sefu, ya namna gani, uzichimbie chini ya sakafu au hapana, na sarafu zako 20 za Maple Leaf, zile za fedha safi za Kanada, pamoja na ile ya zamani ya marehemu baba uzifunge vipi zikae miaka 15 hapo Himbi, Goma. Lakini mwishoni, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba Jumamosi utazisugua kwanza zing'ae, kisha utazifunga elastiki tano tano na kuzizungushia gazeti. Kofre itangoja. Hilo la Jumamosi ndilo limenitoa usingizini, maana mimi nililifanya lote, na elastiki zangu nazo zilikuwa tano tano.

Mwaka 2016 yaya, ndugu yangu mkubwa anayeishi Brussels, alianza kuniletea Maple Leaf, mbili au tatu kila akija likizo. Wakia moja kila sarafu, gramu 31.1. Juu ya hizo nilikuwa na urithi wa babu: franka 50 ya Kongo ya Wabelgiji, ya 1944, ile yenye tembo. Babu aliitunza kwenye kitambaa tangu ujana wake na ilikuwa imekuwa nyeusi taratibu, kijivu cha kupendeza, tembo anaonekana kama anatoka kwenye ukungu. Nikazifunga zote elastiki, gazeti juu, ndani ya kisanduku cha mbao chini ya kitanda. Miaka mitatu sikugusa.

Nilipofungua, kila mahali elastiki ilipopita palikuwa na mstari mweusi kama wa makaa. Nikashtuka. Nikazipeleka kwa sonara mmoja hapa mjini, Birere. Akazitazama, akaniambia bila kusita kwamba fedha nyeusi imeoza, isiposuguliwa italiwa hadi ndani, na ikisha kung'aa mnunuzi ataongeza bei. Akanipa na dawa yake: jivu laini, dawa ya meno, ndimu. Jioni nikakuta video ya kijana mmoja anafanya vilevile, anacheka, sarafu inang'aa kama kioo. Mungu awasamehe wote wawili. Mimi bado sijaweza. Sonara kazi yake ni pete na mikufu, na pete kweli husuguliwa. Angesema tu hajui sarafu, ningemshukuru hadi leo.

Na kabla hamjanicheka: jivu hilohilo ndilo liling'arisha sufuria za bibi zetu wote. Nani angelishuku?

Nikaanza na tembo. Nusu saa nilisugua, maji yakawa meusi, tembo akatoka mweupe. Nikafurahi, nikamwita mke wangu aje aone. Kisha nikamaliza Maple Leaf zote. Yaya alipokuja akarudi nazo Ulaya tupate pesa ya karo ya watoto. Mnunuzi wa kule alishika tembo kwa ncha za vidole, akaweka kioo cha kukuza jichoni, haikufika dakika moja. Imesuguliwa, akasema. Uso wote umejaa michirizi myembamba kama nywele. Akatoa bei ya uzito.

Sasa fanya hesabu ya bei ya uzito. Ile franka 50 ina gramu 17.5, na ni nusu tu fedha. Basi ni gramu 8.75, chini ya theluthi ya wakia. Watu walikuwa wakiinunua kwa sababu ya 1944, kwa sababu ya tembo, kwa sababu ya ngozi ile ya kijivu iliyochukua zaidi ya miaka 70 kujitengeneza. Hiyo ngozi niliimwaga kwenye beseni pamoja na jivu.

Maple Leaf nazo zilipigwa. Zile za kuanzia 2014 zina mistari myembamba inayotawanyika kama miale ya jua, na kajani kadogo kalikochorwa kwa leza, kenye tarakimu za mwaka ndani yake. Hapo ndipo mnunuzi anapoangalia kwanza ajue si bandia. Zangu mistari ilikuwa imepoteza ukali, naye akazitazama moja moja kwa mashaka, akakata bei. Fedha safi namna ile ni laini sana. Chembe za dawa ya meno na za jivu ni ngumu kuliko yenyewe, zinaikwangua.

Weusi si kuoza, nisikilize vizuri. Ni salfa iliyoko hewani imeshikana na fedha, juu juu kabisa, utando mwembamba kuliko unywele. Chini yake sarafu iko nzima na uzito wake uko palepale. Na salfa unailetea mwenyewe: elastiki ni mpira uliopikwa na salfa, gazeti linayo, sufu inayo. Sisi wa Goma tuna na volkano, Nyiragongo na Nyamulagira, zinatupumulia gesi za salfa. Ndiyo maana usizizungushie chochote cha namna hiyo. Kila sarafu iingie kwenye kapsuli yake ya plastiki ngumu, kisha zote kwenye kopo linalofungika kabisa, na ndani utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye kartoni za viatu. Plastiki laini inayonuka kama nailoni mpya ya meza, kimbia. Hiyo baada ya miaka huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Utelezi huo peke yake ndio unaotolewa, kwa kuchovya kwenye asetoni safi mbali na moto, bila kusugua, na si ile asetoni ya kucha yenye manukato. Weusi uache. Shika sarafu kwenye ukingo tu.

Shangazi yangu Bukavu anaye tembo mwingine wa 1944, babu aliwagawia. Ni mweusi kama chini ya chungu. Mwaka jana nilishuka na kapsuli mfukoni nikamtia ndani mbele yake, nikamwapisha kwamba hata mjukuu akimletea limau atamfukuza.

Kuhusu kuchimbia: mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, tuliambiwa tuhame mji, watu wakakimbilia Sake kwa miguu usiku. Simiti huwezi kuivunja saa hizo. Wakia 20 ni kama gramu 620, mtu anazibeba.

Leo ni Alhamisi. Kama tayari umeshafunga elastiki, zikate kwa makasi usiku huu, usizivute juu ya sarafu. Na ile ya baba, kabla hujaigusa na kitu chochote, tuwekee hapa picha ya pande zote mbili tuone ni ya mwaka gani.