Nguo ya baridi hununuliwa kwenye baridi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza nguo za kuhamia Winnipeg uzikunje au uziviringishe, na kama ununue ile mifuko ya kunyonya hewa ili zote ziingie kwenye mabegi mawili ya kilo 23. Viringisha. Fulana, madera, khanga, jinzi, viringisha zikaze. Soksi zitie ndani ya viatu, viatu vikae upande wa magurudumu. Suti tu ndiyo ya kukunja. Mifuko ya hewa iache. Inapunguza unene, uzito unabaki uleule, na mwenye nayo huona nafasi akaendelea kujaza mpaka mizani imkatae. Wewe huna shida ya nafasi, una shida ya kilo.

Ila mimi ningeanza na swali la nguo zipi, siyo zinapangwaje. Nguo ya baridi hununuliwa kwenye baridi. Kaka zako wamelisikia hili mpaka wamechoka, na wewe utalisikia. Lile koti ulilolipata mitumba Ilala, unalolisifia, huenda lilitoka Kanada hukohuko, na aliyelivaa alilivaa majani yakianza kupukutika. Januari ya Winnipeg usiku hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Koti lile halitakufaa kitu, na litakula kilo zako bure.

Habari za baba yako kwenda kusoma Leningrad, kule Urusi, unazijua. Ya mizani sidhani kama nimewahi kukusimulia, maana shangazi yako huwa hakai mbali na masikio yetu.

Ilikuwa 1983. Mwaka ule sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse sufi. Nikachukua masweta ya zamani ya babu yako wa Lushoto, nikayafumua, nikaosha nyuzi, nikamfumia baba yako sweta moja zito la shingo ndefu. Nilifuma usiku kwa kibatari. Kwapani nilirudia mara mbili ili asibanwe akiwa anaandika. Asubuhi ya safari shangazi yako akaja na unga, maharage na dagaa wa kukaanga, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa chake. Uwanja wa ndege wakasema kilo 20, begi limezidi. Shangazi akapiga magoti, akalifungua palepale sakafuni watu wakitazama, na kitu cha kwanza kukitoa kikawa sweta langu. Akanitupia mapajani. "Nguo atapata huko," akasema, "chakula je?" Baba yako akaangalia pembeni. Nilirudi nalo kwenye basi nimelikumbatia, na shangazi amekaa kiti cha mbele yangu anaimba.

Sasa, nikitaka kusema haki, unga wa mwaka ule haukupatikana kirahisi. Aliutafuta kwa miguu yake, na yule alikuwa ndugu yake wa pekee. Na baba yako alipoandika, alisema chuo kimewapa fedha za nguo za baridi, amenunua koti zito na kofia ya manyoya inayofunika masikio. Yaani maneno ninayowaambia ninyi kila siku, shangazi yako ndiye aliyeyasema kwanza. Lakini begi lile lilikuwa na viatu vya pili! Lilikuwa na kamusi nzito kama tofali! Kwa nini mkono wake uende kwenye sweta? Ningekuambia ninachofikiri, lakini ni shangazi yako, na anakupenda. Naacha.

Tena baba yako alifika Septemba, akapata muda wa kuzunguka madukani. Wewe unafika Januari. Hapo kidogo lazima nijirekebishe: nguo ya baridi hununuliwa kwenye baridi, lakini mtu hawezi kutoka uwanja wa ndege na blauzi akisema anaelekea dukani. Sweta zito, kofia, glovu na soksi nene usivitie kwenye mabegi ya kupima. Vivae au uvibebe mkononi, maana begi likichelewa njiani utabaki na ulichonacho mwilini. Tafuta vya sufi. Pamba ikishika jasho au theluji inalowa na kukugandisha.

Kilo zilizobaki zipe vitu ambavyo kule havipatikani. Chukua doti kadhaa za khanga, hazina uzito, na ndizo shuka, ndizo taulo, ndizo mtandio, na vyombo vyako utavifungia humohumo. Madera usiyaache ukidhani ni nguo za joto. Nyumba za kule zinapashwa moto, watu hukaa ndani na fulana. Na shona sasa. Kule kupunguza kiuno cha sketi tu utalipa pesa ya kitambaa kizima huku. Vitenge vyako vyote vipeleke kwa fundi wa Magomeni, na umwambie aache upindo mpana, maana mwili hubadilika ugenini.

Usipeleke siku za mwisho. Fundi yule akishajua una safari huanza ahadi za kesho. Mpelekee wiki hii, na asipokupa tarehe niambie, nitampigia mwenyewe.

Mama yako