Tuhamie Boulder au Louisville?

Swali: Mhariri, tunaishi Denver, jimbo la Colorado, Marekani, na watoto wawili wadogo, na tungependa kuhamia kitongoji cha karibu na milima, ambako wataendesha baiskeli kwa usalama. Je, Boulder inafaa?

Jibu: Inafaa, dada yangu, ila nyumba zake ni ghali mno, ningeanza na mji jirani wa Louisville, ambao tangu 2016 umeunganishwa na Boulder kwa njia ya baiskeli iliyo kando ya barabara kuu ya 36. Nendeni asubuhi ya siku ya shule, mkubwa akiwa na baiskeli yake, mwone ni wapi anashika breki kwa hofu. Kinachonitia wasiwasi ni upepo wa milimani: tarehe 30 Desemba 2021 ulisukuma moto ulioteketeza nyumba zaidi ya 1,000 eneo hilo, kwa hiyo ulizieni gharama ya bima kabla hamjasaini mkataba wowote.