Re: Kikundi changu cha kusoma, watu hawaongei

Pole dada, hiyo ya kuuliza "mmeionaje stori?" halafu watu kumi wanaangalia simu zao naijua sana, mimi ilinitesa karibu miezi mitatu. Shida ni hilo swali, ni kubwa mno na linanuka darasa, mtu anaogopa kukosea. Uliza kitu kidogo chenye ubishi, kama huyu mama alifanya vizuri kumficha mtoto wake ama alikosea? Hapo lazima mtu achague upande.

Siku moja pitia bustani ya Jeevanjee hapo katikati ya Nairobi lunch time, simama tu pale wanapokutana wale wa Bunge la Mwananchi, watu wa kawaida wanaojadili siasa na maisha, usikize. Hakuna anayengoja mwalimu, mmoja anatupa neno, mwingine anamkatiza, na wote wanaongea kile Kiswahili cha mtaani. Wewe nadhani unawalazimisha wakae kwa sanifu (ulisema mwenyewe unawarekebisha!!) sasa nani atafungua mdomo? Wacha wachanganye na Sheng.

Halafu ukiuliza, nyamaza. Hesabu mpaka kumi kwa roho, ni ngumu wacha nikuambie, mimi nilikuwa najijibu mwenyewe kila mara na watu wakazoea kuja kunisikiliza kama redio. Wale wapole waongee kwanza wawili wawili dakika tano ndio mrudi kwa kundi. Viti viwe duara. Na yule jamaa mmoja anayemaliza saa nzima peke yake, mpe kazi ya kumimina chai.