Ukiona fuwele za Charcot-Leyden, usiiondoe slaidi bado

Nafanya kazi ya maabara, na vijana wanaoanza huniuliza sana: nimeona fuwele kwenye sampuli ya choo, niandike ugonjwa gani? Usiandike ugonjwa. Andika umeona fuwele za Charcot-Leyden, kisha endelea kutafuta.

Kwanza hakikisha ni zenyewe. Hazina rangi, kwa hiyo shusha kondensa (lenzi ya hadubini inayokusanya mwanga chini ya slaidi) na upunguze mwanga, la sivyo utazipita. Kwenye lenzi ya 40 utaona umbo refu lililochongoka ncha zote mbili, pana katikati, jembamba kuelekea pembeni. Nyingine ndogo mno, nyingine zinazidi hata chembe nyekundu ya damu kwa urefu. Fuwele za mafuta ni nyuzi nyembamba zilizorundikana, usizichanganye.

Daktari Mfaransa Charcot alizieleza mwaka 1853, naye daktari Mjerumani Leyden mwaka 1872 akazikuta kwenye makohozi ya wenye pumu. Zinatokana na galektini-10, protini iliyojaa ndani ya eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Seli hizo zikipasuka, protini inaganda kuwa fuwele. Maana yake ni kwamba eosinofili zimefia hapo kwa wingi. Kilichoziita ndicho unachokitafuta: minyoo ya safura, minyoo mjeledi, amiba, au mzio tu. Kipimo cha damu kisikutulize, maana eosinofili zinaweza kujaa kwenye utumbo huku hesabu ya damu ikiwa ya kawaida.

Usipoona mayai wala viluwiluwi vya minyoo, fanya kipimo cha kukusanya vimelea kwenye mashapo na uombe sampuli nyingine za siku tofauti. Mimi hulisisitiza hili zaidi kwa sababu ya strongiloidesi, mnyoo mdogo wa utumbo unaoingia mwilini kupitia ngozi, mara nyingi kutoka kwenye udongo. Viluwiluwi vyake hutoka kwa vipindi, na sampuli moja mara nyingi haivinasi. Mgonjwa huyo akipewa dawa za steroidi, ambazo hupunguza kinga ya mwili, tuseme kwa ajili ya pumu, mnyoo unaweza kuzaliana bila breki, ukasambaa mwilini na kumuua. Kwa hiyo mpigie daktari simu. Karatasi ya majibu huchelewa, na wengine hawaisomi hadi mwisho.

Na wewe mgonjwa uliyekuta jina la fuwele hizi kwenye majibu yako, usikimbilie kununua dawa ya minyoo. Mwambie daktari kama una pumu, kama umewahi kutembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, na dawa zote unazotumia, hasa prednisoloni, ambayo ni steroidi.