Nandopsis haitiensis anayeshambulia wenzake: umuuze au ubaki naye?

Mleta uzi ana dume mmoja na majike wawili wa Nandopsis haitiensis, samaki wa maji baridi wa jamii ya siklidi (jamaa wa perege), kwenye tanki la sentimita 120 kwa 45 kwa 50. Dume anawashambulia, na jike mmoja ameshang'olewa magamba ubavuni. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika: wengine wanasema uza dume, wengine wanasema vumilia maana samaki huyu ni adimu. Mimi naanza na swali jingine. Leo usiku jike huyo akishambuliwa tena, una tanki la pili, lenye filta iliyokwisha kukomaa (yaani yenye bakteria wanaoondoa sumu majini), la kumhamishia? Kama huna na hutalipata hivi karibuni, uza. Uadimu haumsaidii samaki asiye na pa kukimbilia.

Tanki lako ni lita 270 likijaa hadi ukingoni, na ukiweka mawe na mchanga maji hupungua zaidi. Dume wa aina hii hupita sentimita 20 kwa urahisi na kuota kinundu kichwani. Akishachagua jiwe la kuzalia, tanki zima ni himaya yake. Kwa jozi moja iliyokomaa nisingeshuka chini ya 180 kwa 60 kwa 60, yaani takriban lita 650. Angalia urefu na upana kwanza, kwa sababu anayefukuzwa hukimbia kwa mlalo na kimo hakimsaidii sana. Kwenye mito na maziwa ya Haiti na Jamhuri ya Dominika aliyeshindwa hupotea machoni na ugomvi ukaisha. Tankini hapotei, kwa hiyo hupigwa mpaka afe.

Sababu ya kawaida ya vifo ni kwamba dume yuko tayari kuzaa na jike bado. Anamchezea, jike haitikii, basi anamchukulia kama mvamizi. Ndiyo maana kumlisha zaidi au kumwongezea mapango hakumalizi tatizo. Kushusha joto hadi nyuzi 24 au 25 kunampoza kidogo, lakini usilitegemee hilo peke yake.

Mapezi yaliyochanika kidogo yasikutishe, huota tena. Mtazame jike aliyesimama kwenye kona ya juu karibu na hita, mapezi ameyabana, anapumua haraka, na chakula kinampita mdomoni bila kukigusa. Huyo mtoe saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Palipong'oka magamba ndipo ukungu na bakteria huingilia, kwa hiyo huko alikohamia badilisha maji asilimia 25 hadi 30 kila baada ya siku moja, na amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri.

Ukiamua kubaki nao, gawa tanki kwa wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya mraba. Wengi hukosea hapa: wanaushikiza kwa vikombe vya kunyonya kioo, dume anausukuma, na asubuhi jike amekufa. Bandika reli mbili za vipande vya kioo kila upande kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha chomeka wavu katikati yake. Silikoni haishiki kwenye kioo chenye maji, hivyo kazi hii hufanywa tanki likiwa tupu na kavu, na gundi iachwe ikauke kabisa. Wavu ufike hadi kwenye mfuniko, maana samaki hawa huruka. Maji ya filta yamwagikie upande wa dume ili yapite kwenda kwa jike, halafu weka jiwe bapa la kuzalia upande wa jike likigusa wavu. Akitaga hapo, mbegu za dume husafiri na mkondo, na mayai hurutubishwa bila wawili hao kugusana. Hita nayo iwekee kinga, dume mwenye hasira huivunja.

Ukija kuwarudisha pamoja, panga mawe upya, zima taa, na dume aingie mwisho.

Ukiamua kuuza, tafadhali usimuuze dume peke yake. Dume asiye na mwenzake huishia kuchanganywa na siklidi wengine, na vifaranga machotara huuzwa kwa jina la mama au la baba. Jamaa yake wa karibu ni Nandopsis tetracanthus wa Cuba, na hawa wawili kamwe wasiwekwe pamoja. Uza kundi lote kwa mtu mmoja, na umwandikie asili yao: wametokea wapi, ni kizazi cha ngapi, nani ndugu wa nani. Baadhi ya furu, siklidi wadogo wa Ziwa Viktoria, baada ya sangara kuletwa miaka ya 1950 na kuwala, wamehifadhiwa matankini, na kumbukumbu za namna hii ndizo zinazofanya ukoo uliotunzwa uwe na thamani. Mnunuzi muulize vipimo vya tanki na picha ya lile la akiba. Asiye na la akiba, mkatalie.

Kabla ya safari wasile kwa saa 24 hadi 48. Kila samaki na mfuko wake, mifuko miwili iliyovishwa pamoja na gazeti katikati, kwa sababu miiba ya mapezi hutoboa. Theluthi moja iwe maji, iliyobaki oksijeni. Mweleze mnunuzi jambo hili pia: mfuko ukifunguliwa, kaboni dayoksaidi hutoka, pH (kipimo cha uchachu wa maji) hupanda, na amonia iliyokuwa haina madhara makubwa hugeuka sumu kali. Kwa hiyo auache mfuko uelee tankini ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha aufungue, amtoe samaki mara moja, na maji ya safari ayamwage nje ya tanki.