Andiko Langu Lilikataliwa kwa Sababu ya Pomboo

Wiki iliyopita andiko langu la utafiti lilipita. Jopo la watu watano, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye ngazi, naye akapiga vigelegele pale sokoni Jubilee mpaka wenzake wakaacha meza zao kuja kuuliza kuna nini.

Nikaiweka habari hiyo Facebook, na tangu hapo simu haijatulia. Ujumbe mmoja, wa mwanafunzi wa Maseno, umenikaa moyoni: "Dada, shikamoo. Nami nataka kuandika juu ya mitambo ya upepo majini na samaki wa ziwa. Naomba unitumie andiko lako nilifuate." Najua wengi mnaosoma ukurasa huu mnatafuta hicho hicho: mada ambayo haijachokwa, ufadhili, na siku moja kuitwa daktari. Kwa hiyo namjibu hapa, wote msikie.

Marahaba, mdogo wangu. Sikutumii. Si uchoyo. Mwaka juzi mimi pia nilitumiwa andiko la mtu nikalifuata, na hili ndilo lililonipata.

Nilisimama mbele ya jopo na kurasa arobaini. Swali langu lilikuwa zuri: mitambo ya upepo ikijengwa ndani ya Ziwa Victoria, samaki watapatwa na nini? Na nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba shamba la kwanza la upepo baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991, mitambo 11. Nilijua jinsi nguzo za chuma zinavyopigiliwa kwa nyundo kubwa kwenye sakafu ya bahari, na jinsi Wajerumani wanavyoizungushia kazi hiyo pazia la viputo vya hewa ili kelele isizidi desibeli 160 ukiwa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Kipimo hicho nilikinakili kama kilivyo, nikakiweka kwenye ghuba yetu.

Mzee mmoja wa jopo akavua miwani. "Binti, kipimo hiki kiliwekwa kumlinda mnyama gani?"

Nikasema pomboo.

"Homa Bay kuna pomboo?"

Watu wakacheka. Sikulia pale. Nililia ndani ya matatu, nimeegemeza kichwa dirishani. Mpaka leo nikipita mlango wa chumba kile tumbo hunikaza.

Lakini kicheko si ndicho kilichoniuma zaidi. Mimi ni mtoto wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Karo yangu yote, tangu darasa la kwanza, ilipimwa kwa gorogoro, lile kopo la sokoni. Nimekua nikigeuza omena juani na kufukuza kunguru. Na katika kurasa zile arobaini, jina omena halikuwemo hata mara moja.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia. Nitaruka mpaka usiku wa Luanda Kotieno.

Mjomba wa mama huvua omena kutoka ufuo ule, nikamwomba twende naye usiku usio na mbalamwezi. Taa za sola zilikuwa zinaelea juu ya maboya, na baada ya saa nzima hivi omena wakaanza kujaa chini ya mwanga, wakizunguka, wengi mpaka wakawa duara jeusi lenye kumetameta pembezoni. Nikainama nitazame vizuri. Kopo la kuchotea maji likaniponyoka, likagonga mbao za mashua. Duara likapasuka papo hapo. Yalibaki maji matupu na mwanga.

Mzee hakunikemea. Alisema tu, "Nyathina," yaani mwanangu, "hawa wana masikio kukushinda wewe."

Nilirudi Kisumu nikatafuta, nikakuta mzee anasema kweli tupu. Omena ni wa kundi moja na samaki aitwaye kapu (carp), na samaki wa kundi hilo wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Ningu anavyo. Mumi pia anavyo. Mbuta hana. Na sauti ndani ya maji baridi husafiri karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Sasa wazia kopo lile liwe nyundo inayopigilia chuma kwenye ujia wa Rusinga, kutwa nzima. Ndilo swali nililoanza nalo upya: si mtambo unapiga kelele kiasi gani, bali ni nani anayesikia. Jibu likishakuwa omena, hata wanayofanya wageni unayasoma kwa jicho jingine. Kule Marekani, mradi wa mitambo sita uliopangwa Ziwa Erie, karibu na Cleveland, ulichagua kitako kinachojizamisha chini maji yakifyonzwa kutoka ndani yake, badala ya kupigiliwa. Mradi wenyewe ulisimamishwa mwishoni mwa 2023, lakini wazo lile kwangu ni dhahabu.

Yaliyobaki yalifuata samaki mmoja baada ya mwingine. Ghuba ya Winam, ndiyo ghuba yetu, ina kina kifupi na tope jingi. Ngege dume huchimba kiota chake kwenye sakafu ya maji yasiyo na kina. Fulu jike humtambua dume wake kwa rangi, na Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997, katika ziwa hili hili, kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri na aina za fulu huanza kuchanganyikana. Kwa hiyo mtaro wa kufukia kebo, unaotimua tope, ni jambo la ndoa za fulu. Domodomo, yule mwenye mdomo kama mkonga, hutoa umeme hafifu wa kujielekezea gizani. Nikamwandikia sura yake peke yake: atajielekezaje kando ya kebo ya umeme?

Sipingi upepo. Uholanzi wana mitambo 89 ndani ya IJsselmeer, ziwa la maji baridi, inayofanya kazi tangu 2021, na pembeni wametengeneza kisiwa na maji ya kina kifupi kwa ajili ya ndege na samaki. Mawe yanayozungushwa kwenye vitako vya mitambo yanaweza kuwa maficho, na mahali nyavu hazipiti samaki hupumua. Ila mahali nyavu hazipiti pana mvuvi aliyeondolewa, na hilo nalo liandikwe. Sisi tuna somo letu hapa hapa. Miaka ya 1980 ujia wa Mbita ulizibwa kwa mawe na udongo ili magari yafike kisiwani Rusinga, na maji yakakoma kupita pale mpaka lilipojengwa daraja miongo mitatu baadaye. Waulize wazee wa Mbita habari za maji yaliyosimama.

Ndugu zangu, anzeni na samaki. Nawasihi. Kabla hujafungua kompyuta, taja samaki watatu wa ziwa lako, uandike wanakula nini, wanazaa wapi, wanasikiaje. Tumefundishwa kuona haya kwa kilichotulisha, tukadhani elimu ni kutaja bahari za watu. Mama yako anayeanika samaki ana data. Muulize kwanza, kwa heshima, na umtaje katika shukrani. Anza na samaki.

Na wewe wa Maseno, juma lijalo mwezi umekufa. Mashua ya mjomba huondoka Luanda Kotieno jioni, jua likizama. Nimekuombea nafasi moja. Shukia Ndori, ubadilishe matatu, na uje na sweta.